Mkono wa Mpasuaji, Deni la Kaunti

Wakili akipokea kesi ya daktari wa upasuaji anayedaiwa kufanya uzembe, agizo la kwanza analompa mteja wake halihusu kifungu chochote cha sheria. Anamwambia afunge mdomo. Asiipigie familia simu, asiende matangani, asitume rambirambi, asimwambie hata muuguzi aliyekuwa naye thieta kwamba usingizi umempaa. Neno la kujuta likitamkwa kabla ya hukumu laweza kusomwa kortini kama kukiri kosa. Ni ushauri wa busara, na wakili asiyeutoa hastahili ada yake. Ila tazama unachofanya: anayejua zaidi ya wote yaliyotokea ndani ya chumba kile anakatazwa kuyaeleza kwa wale wanaohitaji zaidi ya wote kuyajua.

Nataka kumtetea daktari huyu, lakini si kwa njia ya wakili wake. Wakili anatafuta ushindi, na ana haki ya kuutafuta. Katiba yenyewe inampa kila mshtakiwa haki ya kutetewa. Mimi ninatafuta jibu la swali ambalo korti hulipita mbio: madhara yakitokea mikononi mwa mtu aliyekuwa akisaidia, ni lini madhara hayo huwa yake?

Tumfikirie daktari wa kubuni, maana wa kweli wana majina, na watoto wao wako shuleni. Ni saa tisa usiku katika hospitali ya umma, iwe Migori au Homa Bay. Mama wa miaka 24 ameletwa kutoka upande wa Muhuru Bay. Uchungu ulimshika juzi. Alianzia kwa mkunga, akapelekwa zahanati, zahanati ikamwandikia rufaa, ambulensi ikachelewa, na mvua ilikuwa imeiharibu barabara. Kufika kwake, mji wa mimba umeshapasuka. Daktari wa zamu ni kijana aliyemaliza intanishipu miaka miwili iliyopita. Si bingwa. Bingwa yuko kwenye simu, na simu inakatika. Anayempa mgonjwa nusukaputi ni ofisa tabibu aliyesomea kazi hiyo, naye amekesha tangu jana. Friji ina chupa mbili za damu ya kundi linalomfaa. Zikiisha, ni kusubiri kituo cha damu cha kanda kilichoko Kisumu, zaidi ya kilomita 150 kutoka Migori, au mume aamshe jamaa zake usiku ule waje watoe damu.

Kabla kisu hakijagusa ngozi, muuguzi anaandika kwenye ubao ulio ukutani: gozi kubwa 10, ndogo 20. Atahesabu tena kabla tumbo halijafungwa, na hesabu isipolingana hakuna kufunga. Sijui kama kuna maandishi mengine ya hospitali yaliyo na uaminifu kama ule ubao, ambao hufutwa asubuhi.

Tumbo linafunguliwa, damu inajaa hadi vidole havionekani. Daktari anabana, anafunga, anauondoa mji wa mimba. Mtoto alikuwa ameshafariki. Mama anaishi. Siku ya tano maumivu ya ubavuni hayajamwacha, na picha inaonyesha kwamba mrija unaoteremsha mkojo kutoka figo ya kushoto ulifungwa uzi pamoja na mshipa wa damu. Miezi kadhaa baadaye figo hiyo imekufa. Mama hana mtoto, hana kizazi, ana figo moja. Anakwenda kortini.

"Daktari, uliuona mrija huo ulipokuwa ukifunga mshipa?"

"Sikuuona."

"Kwa hiyo ulifunga kitu usichokiona?"

"Ndiyo."

Watu wanaguna. Majibu mawili mafupi, yote ya kweli, na daktari ameshahukumiwa na waliokaa kwenye mabenchi ya nyuma.

Hakimu hawezi kwenda mbio hivyo. Aristotle alitenganisha mambo matatu ambayo hasira huyachanganya: msiba unaotokea bila mtu yeyote kuweza kuutazamia, kosa la mtu asiye na nia mbaya ambalo angeweza kulitazamia, na dhuluma. Sheria ya uzembe inaishi katikati ya mgawanyo huo. Mwaka 1974 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika kesi ya hospitali ya Pope John's na mtoto Kasozi, ilisema jambo ambalo majaji wa Kenya wamelirudia mara nyingi tangu hapo: anayejitangaza kuwa na ujuzi sharti awe nao kwa kadiri ya kuridhisha, na awe mwangalifu, lakini uangalifu huo si bima dhidi ya kila kuteleza. Kipimo ni mtaalamu wa kawaida wa fani hiyo katika mazingira halisi ya kesi iliyo mbele ya korti. Miaka 17 kabla yake, kesi ya Bolam nchini Uingereza, ya mgonjwa aliyevunjika mifupa alipokuwa akitibiwa kwa mishtuko ya umeme, ilikuwa imeweka kanuni ya namna hiyo: daktari hana hatia ya uzembe ikiwa alifuata utaratibu ambao kundi la wenzake wenye ujuzi wanaukubali. Sheria yetu ya jinai nayo haiko mbali. Kifungu cha 243 cha Kanuni ya Adhabu kinamtia hatiani anayetibu kwa uzembe unaohatarisha uhai. Kifungu cha 240 kinamkinga anayempasua mgonjwa kwa nia njema na kwa ujuzi na uangalifu wa kuridhisha, ukizingatiwa hali ya mgonjwa wakati ule na mazingira yote ya tukio.

Mazingira yote. Nitayarudia maneno hayo, kwa sababu ndiyo mlango anaopitia wakili wa daktari, na ndiyo shimo anamoanguka mgonjwa.

Kwanza tumpe daktari haki yake. Mrija wa mkojo hupita chini ya mshipa wa damu unaolisha mji wa mimba, umbali wa sentimita moja au mbili tu kutoka shingo ya mji huo. Kwenye mchoro wa kitabu, mmoja ni mwekundu na mwingine wa manjano. Ndani ya tumbo lililojaa damu hakuna rangi mbili, na mji wa mimba uliopasuka huvuta kila kitu nje ya mahali pake. Wanafalsafa Samuel Gorovitz na Alasdair MacIntyre, katika miaka ya 1970, walieleza kwamba makosa ya tiba hayatoki kwenye ujinga na uzembe peke yake. Liko chimbuko la tatu: sayansi inajua miili kwa jumla, ilhali mpasuaji ana mwili mmoja mbele yake, wenye historia yake na ukaidi wake. Hata ujuzi wote wa dunia ukikusanywa kichwani mwake, bado pana nafasi kati ya anachokijua kuhusu akina mama na anachokijua kuhusu mama huyu. Katika nafasi hiyo mtu anaweza kudhuru bila kukosa lolote analoweza kulaumiwa.

Korti nayo ina udhaifu wake. Inajua mwisho wa hadithi kabla ya kusikia mwanzo. Mwaka 1947 wanaume wawili nchini Uingereza walidungwa ganzi ya uti wa mgongo siku moja katika hospitali moja, wote wakapooza. Korti ilikubali maelezo kwamba vichupa vya dawa vilihifadhiwa ndani ya fenoli, na fenoli ilipenya kupitia nyufa zisizoonekana kwa macho. Kesi ilipofika Mahakama ya Rufani mwaka 1954, hatari hiyo ilikuwa imeshajulikana. Jaji Denning alionya kwamba haifai kutazama ajali ya 1947 kwa miwani ya 1954. Wagonjwa wale walishindwa. Ni hukumu inayouma, na nadhani ilikuwa sahihi kuhusu daktari aliyewadunga. Vivyo hivyo hapa: alichokijua wakili wa mama wa Muhuru Bay ndani ya ukumbi wenye taa, akiwa na faili iliyopangwa na miezi ya kuisoma, daktari alipaswa kukijua kwa dakika chache, huku mtu akimtajia shinikizo la damu linaloporomoka.

Zaidi ya hayo, wiki moja kabla ya usiku ule daktari huyuhuyo alifunga mshipa uleule wa mama mwingine, ndani ya damu kama ile, bila kuuona mrija. Mrija ulikuwa kando kidogo. Mama yule alipona, na jamaa zake wakaleta kuku hospitalini kushukuru. Mkono ni mmoja, uamuzi ni mmoja, uangalifu ni uleule. Upasuaji mmoja umezaa kuku na mwingine hati ya madai. Wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel walilifungua fumbo hili mwaka 1976, kila mmoja kwa upande wake: tunasema mtu ahukumiwe kwa yaliyo katika uwezo wake, kisha tunamhukumu kwa matokeo ambayo sehemu yake kubwa ni bahati. Tukitaka kuwa na msimamo, ama daktari ni mzembe katika matukio yote mawili, na kuku wale walipelekwa mahali pasipostahili, ama si mzembe katika lolote. Sijawahi kusikia mtu akimshtaki daktari kwa kumponya kwa bahati.

Hadi hapo daktari anaonekana msafi, na kama ningekuwa wakili wake ningekaa chini. Tatizo ni kwamba hoja iliyomsafisha ina ncha mbili. Tumesema mazingira yapunguze lawama: damu ilikuwa chache, bingwa hakuwapo, aliyetoa nusukaputi alikuwa amechoka. Haya, tuendelee na hoja hiyo hadi mwisho wake. Ikiwa hospitali nyingi za ukanda wa ziwa zina upungufu kama huo, basi mtaalamu wa kawaida katika mazingira halisi ni mtaalamu aliyepungukiwa, na kila mama anayelazwa huko ameshapunguziwa haki yake kabla ya kuvua viatu mlangoni. Upungufu uliomdhuru ndio unaotumiwa kumnyima fidia. Kadiri kaunti inavyozidi kuzembea katika kununua, kuajiri na kulipa, ndivyo kiwango anachodaiwa kila anayefanya kazi chini yake kinavyozidi kushuka. Wembe huo unamnyoa mgonjwa mara mbili.

Sheria ya Hammurabi wa Babeli, yenye umri wa karibu miaka 3,800, ilisema tabibu akimfanyia mtu wa tabaka la juu upasuaji mkubwa na akamuua, akatwe mikono. Akimuua mtumwa, alipe mtumwa kwa mtumwa. Tunashangazwa na mikono iliyokatwa, nasi tunasahau kushangazwa na sehemu ya pili, ambayo ndiyo tuliyoirithi. Hakuna anayekata mikono tena. Lakini jeraha lilelile likitokea katika hospitali ya kulipia Nairobi na katika hospitali ya kaunti mpakani, nani hajui lipi litakuwa kashfa na lipi litakuwa "ajali haina kinga"?

Kwa hiyo nasema mizani iwe miwili na isichanganywe. Mkono upimwe pale uliposimama: kwa taa iliyokuwapo, kwa damu iliyokuwapo, kwa dakika zilizokuwapo. Hospitali isipimwe hivyo hata siku moja. Aliyeweka meza pale na kuandika "upasuaji" juu ya mlango apimwe kwa kile ambacho meza ya upasuaji inapaswa kuwa nacho popote ilipo, na akisema hana, yeye ndiye wa kuthibitisha kwamba haikuwezekana kuwa nacho. Hili silizushi. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa, na kifungu cha 20 kinasema wazi kwamba serikali ikidai haina rasilimali za kutekeleza haki hiyo, ni jukumu lake kuonyesha kwamba hazipo. Mzigo wa ushahidi umegeuzwa. Katika kesi ya kawaida ya uzembe mama ndiye anayepaswa kuthibitisha, na ili kuthibitisha anahitaji shahidi mtaalamu, yaani daktari atakayekubali kusimama kizimbani dhidi ya daktari mwenzake katika eneo ambalo mabingwa ni wachache na wengi walisoma pamoja. Katika madai ya kikatiba dhidi ya kaunti, swali linakuwa jingine kabisa: friji ya damu ilikuwa na chupa ngapi, kwa nini, na bajeti ilisemaje?

Korti zinajua kwamba hospitali hujibu kwa makosa ya watu wake. Katika kesi ya Cassidy ya mwaka 1951, mgonjwa aliingia hospitalini na vidole viwili vilivyokakamaa, akatoka na vinne na mkono usiofaa kitu. Hakuweza kusema ni nani kati ya waliomhudumia alikosea, na Mahakama ya Rufani ya Uingereza ikasema hakuhitaji kusema. Majaji wa Kenya wamelifuata wazo hilo. Ila hata hapo hospitali inalipa kwa sababu mtumishi wake amekosa. Inabeba kosa la mtu. Ninalolitaka ni kaunti ijibu kwa kosa lake yenyewe, hata pale ambapo mtumishi amekutwa hana kosa. Hasa pale.

Takwimu ziko upande huu. Mwaka 2018 jarida la The Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti wa hospitali 247 katika nchi 25 za Afrika, uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 11,000 wa upasuaji. Wagonjwa wa Afrika walikuwa vijana zaidi na wenye hatari ndogo kuliko wastani wa dunia, lakini uwezekano wao wa kufa ulikuwa maradufu. Wengi mno wa waliokufa hawakufia mezani. Walifariki baadaye, baada ya upasuaji kwisha, wakati ambapo kazi ni ya macho na hesabu: nani anampima mgonjwa shinikizo saa kumi alfajiri, na muuguzi mmoja ana vitanda vingapi. Kisu ndicho kinachopigwa picha, lakini mara nyingi kifo hutokea kisu kikiwa kimeshaoshwa.

Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ilitupa somo lake mapema mwaka 2018, pale mgonjwa asiye na damu iliyoganda kichwani alipofunguliwa fuvu badala ya mwenzake aliyekuwa nayo, kwa kuchanganywa vitambulisho. Mpasuaji aligundua akiwa ndani kwamba alichokuja kukitafuta hakipo. Haraka sana watu waliofika karibu na meza wakasimamishwa kazi: daktari, mtoaji nusukaputi, wauguzi. Madaktari wenzake wakafanya mgomo ili kumtetea, na mkurugenzi mkuu akapelekwa likizo ya lazima. Nchi iligawanyika kati ya wanaotaka kichwa cha daktari na wanaotaka cha bosi. Sauti ya kuuliza kibandiko cha jina hupita mikononi mwa watu wangapi kabla ya kufika thieta, na ni nani aliyepanga iwe hivyo, ilikuwa ndogo kati ya kelele hizo.

Wakati huo jibu lilikuwa limeshajaribiwa jirani. Hospitali ya Ifakara, Tanzania, ilikuwa miongoni mwa hospitali nane duniani, pamoja na za London, Seattle na Toronto, zilizojaribu orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani: jina la mgonjwa litajwe kwa sauti, mahali pa kupasua patajwe, damu iulizwe kama ipo, gozi zihesabiwe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Kwa hospitali zote nane kwa jumla, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Hakuna mtu aliyepelekwa kortini ili hilo litokee.

Mwanafalsafa H. Odera Oruka, mzaliwa wa Ugenya na mwasisi wa masomo ya falsafa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, angesema ndivyo alivyotarajia. Katika kitabu chake cha 1976, Punishment and Terrorism in Africa, alidai kwamba uhalifu huzaliwa na nguvu zilizo ndani ya jamii, ambazo mhalifu hakuziumba, na kwamba kumwadhibu mtu huku nguvu hizo zikiachwa ni kujidanganya. Alitaka adhabu ifutwe. Ukimsoma ukiwa na faili ya hospitali ya kaunti mkononi, ni vigumu kumpinga. Mpasuaji aliyechoka ni mwisho wa mnyororo ulioanza kwenye kamati ya bajeti. Madaktari wa umma waligoma kwa siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, wakidai mkataba uliotiwa saini mwaka 2013 utekelezwe, na viongozi wao wakafungwa jela. Baadhi ya yaliyokuwa ndani ya ule mkataba ndiyo yaliyokosekana usiku ule wa mama wa Muhuru Bay.

Lakini simfuati Oruka hadi mwisho, na sababu yangu ni ya heshima kwa daktari mwenyewe. Ukisema kwamba yote yalitokana na mfumo, umemwondolea lawama kwa kumwondolea utu. Umemfanya kuwa bomba ambalo uhaba ulipitia ukamfikia mgonjwa. Sidhani kama mpasuaji yeyote anayestahili jina hilo anataka kuachiliwa namna hiyo. Williams alitumia mfano wa dereva wa lori aliyemgonga mtoto bila kosa lolote la kuendesha. Watu wakimwambia hakuwa na hatia watakuwa wanasema kweli; lakini kama angekubali mara moja na kwenda kula chakula chake, tungemwona mtu wa ajabu. Yapo majuto yanayomfaa mtenda, tofauti na huzuni ya mtazamaji, hata pasipo hatia. Mkono uliofunga mrija ule ulikuwa wa mtu fulani. Mama ana haki ya kuwa na mtu wa kumtazama usoni.

Tena yako mambo ambayo mazingira hayawezi kuyasamehe, na hapa ninakuwa mkali kuliko wakili wa mama. Uhaba wa damu hauelezi kwa nini hesabu ya gozi haikunakiliwa kwenye faili kabla ubao haujafutwa, maana kalamu haikukosekana. Uchovu hauelezi kwa nini malalamiko ya maumivu ya ubavuni hayakusikilizwa hadi siku ya tano. Wala umaskini wa kaunti hauelezi kwa nini mama aliwekewa fomu ya idhini ya Kiingereza, akaonyeshwa mahali pa kuweka dole gumba. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa. Katika Migori lugha hiyo inaweza kuwa Dholuo, Kikuria au Kiswahili, na aghalabu wodini yupo muuguzi anayeijua. Kueleza kunachukua dakika mbili. Dakika mbili hazikuwapo kabla ya kukata. Sawa, mama alikuwa anakufa. Zilikuwapo asubuhi yake, na kesho yake, na kesho kutwa.

Daktari wangu wa kubuni ana hatia gani basi? Kwa kufunga mrija, sina hatia ya kumpa. Kwa siku zile nne za kutomsikiliza, ninayo, na ninamgawia sehemu muuguzi mkuu na aliyepanga zamu. Kwa kunyamaza baada ya hapo, lawama yangu naipeleka kwa mawakili na kwa wabunge. Uingereza iliandika katika sheria yake ya fidia ya mwaka 2006 kwamba kuomba radhi, au kuahidi matibabu, si kukiri uzembe kwa kitendo hicho peke yake. Mkoa wa British Columbia nchini Kanada ulitunga sheria ya radhi mwaka huohuo. Kifungu cha mistari mitatu kinatosha. Bunge letu limeshapitisha sheria ndefu zaidi kwa mambo madogo zaidi, na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno lingekuwa la kwanza kunufaika, maana baadhi ya malalamiko yanayofika mezani kwake yangeishia kwenye benchi la wodini.

Kuhusu fidia, hukumu yangu ni hii: kaunti ilipe, na ilipe yote, kwa jina lake yenyewe na si kwa niaba ya kijana yule. Daktari arudi kazini, akiwa na mwenzake wa pili kwenye zamu ya usiku.

Na wewe msomaji, ukiwa Rongo, Kehancha, Mbita au Oyugis, na ndugu yako ametoka thieta akiwa hivyo sivyo, usianze na kelele langoni wala na simu ya mwandishi wa habari. Anza na faili. Omba nakala kwa maandishi: maelezo ya upasuaji, karatasi ya nusukaputi, hesabu ya gozi, chati ya shinikizo la damu ya kila saa. Weka tarehe kwenye barua yako, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu, na saa 48 ikiwa habari hiyo inahusu uhai wa mtu.